Chuo cha Wananchi na Mwalimu Aliyekikuza

Ndugu wasomaji, twaomba nafasi katika gazeti letu tuseme neno juu ya vyuo vya wananchi: jinsi vilivyozaliwa, jinsi vilivyokua mikononi mwa mtu mmoja aliyeitwa Mwalimu, na yaliyovipata alipoondoka. Twaandika kutoka Kileo, katika tambarare iliyo chini ya milima ya Upare. Sisi ni walimu wa kijijini, na sasa tumestaafu. Hatukuketi katika mabaraza ya wakubwa. Mambo haya tuliyaona kutoka chini, kama mtu wa bondeni aonavyo maji yakifika shambani kwake, akajua ya kuwa huko juu yuko mtu aliyefungua mfereji.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Kwa wazee wa pwani chuo kilikuwa kitabu, na mtoto aliyetiwa chuoni alitiwa ajifunze kusoma Kurani. Baadaye neno hilo likapanda cheo, likawa jina la mahali pa watu waliokwisha kupita shule nyingine zote, wapate kuwa walimu, waganga au makarani. Mkulima wa kwetu hakusema, "Nakwenda chuoni," ila siku aliyompelekea mwanawe sanduku. Kisha katika miaka ya 1970 yakaunganishwa maneno mawili ambayo hayakuzoea kuketi pamoja, yaani chuo na wananchi. Wengi walicheka. Walisema, mwananchi mwenye jembe begani atafuata nini chuoni, na chuo kitapata nini kwake?

Watu wa Upare hawakuchelewa kupenda shule. Wamisioni wa Leipzig walifika Shighatini mwaka wa 1900, na Waadventista wakaanza kazi yao Upare kusini mwaka wa 1903. Wazee wetu, ambao mwanzoni waliwaficha watoto, baadaye walibeba mawe na mbao wenyewe wapate kujengewa shule. Walikuwa na desturi yao ya msaragambo, kazi ya watu wote kwa faida ya wote, ambayo kwayo walichimba mifereji na kutengeneza njia; wakaitumia kwa shule vilevile. Lakini shule zile zilikuwa za watoto, wala si watoto wote waliopata nafasi. Mtu mzima aliyepitwa na wakati wake alikuwa amepitwa kabisa. Katika sensa ya mwaka wa 1967, miaka 6 baada ya uhuru, kati ya watu wazima 100 wa Tanzania bara kama 67 hawakujua kusoma wala kuandika.

Kulikuwa na methali iliyofunga mlango huo kwa komeo. Samaki mkunje angali mbichi; akikauka hakunjiki. Methali hii ni ya kweli kwa samaki, na ni ya kweli kwa malezi ya mtoto. Lakini watu waliitumia kuwa hukumu juu ya baba zao na mama zao. Mama wa miaka 35 akitaka kujua herufi, aliambiwa kwa upole kwamba yeye ni samaki mkavu, asubiri wanawe wamsomee.

Mtu aliyeikataa hukumu hiyo alikuwa mwalimu wa shule kabla hajawa mtu wa siasa. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka wa 1922, akasoma Makerere, akafundisha Tabora, akasoma tena Edinburgh katika nchi ya Scotland, kisha akafundisha Pugu. Mwaka wa 1955 aliacha kazi ya ualimu kwa ajili ya kazi ya TANU, lakini ualimu haukumwacha. Alikuwa Waziri Mkuu mwaka wa 1961, na Rais tangu mwaka wa 1962 mpaka mwaka wa 1985, na katika miaka hiyo yote watu hawakumwita kwa ukubwa wake, walimwita Mwalimu.

Mche wa kwanza ulipandwa kabla ya uhuru wenyewe. Mwaka wa 1961 chama cha TANU kilifungua Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, kwa watu wazima ambao hawakupata shule ndefu. Mwingereza mmoja, Bibi Joan Wicken, ambaye mwenyewe alipata elimu yake katika chuo cha watu wazima cha Ruskin huko Oxford, alisaidia kukusanya fedha zake. Na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mkanada, Bwana Griffiths Cunningham. Chuo hicho kingali kipo, na tangu mwaka wa 2005 chaitwa kwa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mche wa pili ulikuwa Kibaha, ambako nchi za kaskazini ya Ulaya zilianza mwaka wa 1963 kusaidia kujenga shule, kituo cha afya na mahali pa kuwafundisha wakulima, na mwaka wa 1970 zikaikabidhi kazi hiyo kwa serikali yetu.

Lakini miche miwili si shamba. Usiku wa kuamkia mwaka wa 1970 Rais alinena na taifa, akautangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mtoto atakayeanza darasa la kwanza leo hatalima wala kuongoza kijiji ila baada ya miaka mingi. Bali baba yake na mama yake wanalima leo, wanaugua leo, na wanachagua viongozi leo. Basi kuwangoja watoto ni kukubali kwamba nchi isimame mahali ilipo mpaka wakue. Kisha zikachaguliwa wilaya chache za kuanzia, ambamo ujinga wa kusoma ungeondolewa kwanza: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro na Pare, pamoja na jiji la Dar es Salaam. Hivyo ndivyo jambo lililosemwa redioni usiku lilivyotufikia sisi mchana.

Sisi siku zile tulikuwa vijana wawili tuliokuwa tumemaliza darasa la saba, wala hatukuwa na cheo chochote. Tuliitwa, tukafundishwa siku chache namna ya kuwafundisha watu wazima, tukapewa ubao, chaki na vitabu vidogo vilivyohusu kilimo na mifugo. Wanafunzi wetu walikuja alasiri wakiisha kutoka shamba, na wengine usiku kwa taa ya chemli. Twasema kweli, si wote waliokuja kwa mapenzi. Wengine walikuja kwa kumwogopa balozi wa nyumba kumi, wakaketi nyuma, wakasinzia. Wengine walikuja siku mbili, wasionekane tena mpaka mavuno. Lakini walikuwako waliokuja kama mwenye kiu ajavyo kisimani.

Mmoja alikuwa mama aliyekuwa na mume katika mashamba ya mkonge huko Tanga. Kila miezi michache ilikuja barua, na kila mara alikwenda nayo kwa jirani mwenye kujua kusoma. Jirani yule alimsomea kwa sauti mbele ya nyumba, na kabla ya jua kuchwa kijiji chote kilijua kiasi cha fedha alizoletewa, na maneno ambayo mume hamwambii ila mkewe. Mama huyu hakututajia jambo hilo alipoanza. Alijifunza tu, na mtoto mgongoni, akiandika herufi kwa kidole mchangani hata walipokwisha kwenda wenzake. Yapata miezi 9 baadaye alitujia na barua ambayo haijafunguliwa. Tukadhani ataka tumsomee. Akasema, "Wanangu, sikuja msome. Nimekuja mketi hapo nami nisome, na nikikwama kwa neno moja nitawaonyesha neno hilo tu, mengine mtayafunika." Akasoma polepole, akakwama mara tatu, nasi tukamwambia maneno yale matatu. Alipomaliza aliikunja barua akaitia kifuani, wala sisi hatukujua imeandikwa nini mpaka leo.

Siku chache baadaye aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu. "Sasa nimejua kusoma. Mbele kuna nini?" Katika kijiji hapakuwa na kitabu kingine ila Biblia na Nyimbo, ambavyo alivianza mara moja, na gazeti lililofika limezeeka. Tulipomwuliza angetaka nini, alisema angetaka kujua kushona kwa cherehani, kuweka hesabu za duka, na kujua kwa nini watoto wa kijiji huugua tumbo kila masika. Swali lake halikuwa lake peke yake. Mwaka wa 1973 redio ilifundisha afya kwa jina la Mtu ni Afya, na watu kama milioni 2 wa nchi hii walikusanyika kwa vikundi kuisikiliza. Nasi Kileo tulisikiliza, tukachimba vyoo. Kila somo lilizaa hamu ya somo jingine. Mtu aliyefundishwa kusoma kisha akaachwa ni kama mtu aliyepewa ufunguo, lakini nyumba haijajengwa.

Basi nyumba ikaanza kujengwa mwaka wa 1975. Mfano wake ulitoka mbali. Katika nchi ya Denmark alikuwako mchungaji wa Kilutheri, N. F. S. Grundtvig, aliyezaliwa mwaka wa 1783. Yeye alichukizwa na shule zilizowafundisha vijana kukariri Kilatini wasijue maisha ya nchi yao. Alitaka shule ambayo wakulima vijana wangekaa pamoja na walimu wao, wakazungumza kwa lugha yao wenyewe juu ya historia yao, kazi zao na serikali yao, bila mitihani. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka wa 1844, na mwaka wa 1868 Sweden nayo ikaanza zake. Shule hizi ziliwasaidia sana wakulima wa nchi zile kujitawala na kuanzisha vyama vya ushirika. Serikali ya Rais Nyerere iliutazama mfano huo, ikaona wafanana na haja yetu, na Wasweden wakakubali kusaidia kwa fedha na kwa walimu.

Lakini mbegu ya ugenini haikupandwa bila kuchaguliwa. Serikali haikungoja kujenga majumba mapya kila mahali. Ilichukua vituo vya zamani vya kuwafundisha wakulima na viongozi wa vijiji, ikavitengeneza na kuviongezea mabweni na karakana. Kwa njia hiyo vyuo viliongezeka upesi, hata kwa miaka michache vikapita 50, vikatapakaa karibu mikoa yote ya bara. Katika mkoa wetu wa Kilimanjaro viko Msinga upande wa Moshi, na Mamtukuna upande wa Rombo. Na kwa jirani zetu wa Tanga viko Handeni na Kiwanda. Mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili. Aliyemaliza shule ya msingi alipokewa, na wengine waliojua kusoma tu walipokewa kwa mafunzo mafupi. Walifundishwa kilimo na ufugaji, useremala, uashi, uhunzi, kushona, upishi na malezi ya watoto wadogo, na pamoja na hayo hesabu, historia na siasa. Wengine walikaa majuma machache, wengine hata miaka miwili.

Jambo lililotupendeza zaidi ni njia ya kuingia. Mtu hakujipeleka, alichaguliwa na kijiji chake, naye alijua kwamba atarudi kijijini. Twakumbuka mkutano mmoja wa kijiji katika miaka ya mwisho ya 1970, tulipotakiwa kumpeleka kijana mmoja akajifunze useremala. Mzee mmoja mwenye sauti kubwa alimtaka mpwa wake achaguliwe. Mabishano yalianza saa nne, jua likafika utosini hayajaisha. Mwishoni mama mmoja alisimama akauliza swali moja tu: "Kati ya hawa vijana wawili, ni yupi aliyewahi kumtengenezea mtu kiti bila kuambiwa?" Akachaguliwa yule mwingine. Alikaa chuoni miaka miwili. Aliporudi alitengeneza madirisha ya shule na milango ya nyumba ya dawa, akawafundisha ufundi vijana watatu, nao wakawafundisha wengine.

Tulimtembelea huko siku moja. Tuliona mambo ambayo katika shule zetu hatukuyazoea. Mwanafunzi wa miaka 19 aliketi benchi moja na baba wa miaka 40. Mwalimu alikamata jembe pamoja na wanafunzi asubuhi, na jioni wanafunzi walibishana naye juu ya bei ya mahindi, wala hakukasirika. Hapakuwa na kiboko. Tulipoondoka tulisema njiani kwamba kama elimu ni kumpa mtu heshima yake mwenyewe mkononi, basi hii ni elimu.

Sasa tuulize, kwa nini mambo haya yalikua upesi hivi chini ya mtu mmoja? Twaona sababu tatu. Ya kwanza, kiongozi alilifuata neno lake. Wako wakubwa wengi watangazao mwaka wa hili na mwaka wa lile, na mwaka ukiisha neno nalo huisha. Huyu alitangaza mwaka wa 1970, na mwaka wa 1975 alikuwa angali anaulizia. Watu wakapimwa nchi nzima, na wasiojua kusoma wakaonekana wamepungua mpaka 39 kati ya 100. Wakapimwa tena mwaka wa 1977, wakawa 27. Na mwaka wa 1986 walikuwa kama 10 tu. Ya pili, alitumia vilivyokuwapo: majengo ya zamani, lugha ambayo watu walikuwa nayo, na vijana wa darasa la saba kama sisi. Ya tatu, aliwapa watu wa kawaida sehemu ya kazi, hata wakaiona kuwa yao. Hapo msaragambo wa wazee wetu ulipata kazi mpya.

Walakini hatuandiki sifa tupu, kwa maana sifa tupu haimfundishi mtu. Katika miaka ile ile watu wengi wa nchi hii walihamishwa kwa nguvu kuingia vijiji vya ujamaa, na wengine waliziacha nyumba na mashamba yao kwa machozi. Mkono uliofungua chuo ndio uliotia sahihi hayo pia. Tena lilikuwako kosa jingine ndani ya mafanikio yenyewe. Watu walizoea kungoja sauti moja. Rais akisema, madarasa yalijaa. Akinyamaza kwa kuwa ana shughuli nyingine, madarasa yalipungua. Nasi twajua ya kuwa nyumba yenye nguzo moja ni msonge mzuri wa kukaa siku za jua. Upepo ukija, kila mtu huitazama nguzo ile.

Upepo ulikuja. Bei ya mafuta ilipanda, mvua zikakosekana, na miaka ya 1978 na 1979 ilikuwa vita na Idi Amin wa Uganda. Fedha za serikali zikapungua. Mwaka wa 1985 Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake, jambo ambalo viongozi wachache wa Afrika walikuwa wamelifanya. Vyuo vilihamishwa toka wizara ya elimu vikapelekwa wizara ya maendeleo ya jamii, na baada ya miaka mingi vikarudishwa tena wizara ya elimu. Katika vyuo vingi mabati yalitoboka, mashine zikakaa bila vipuri, walimu wakachoka. Tena dunia ya vijana ilibadilika. Chuo kisicho na mtihani kilikuwa kitu kizuri kwa mtu aendaye kurudi shambani kwake. Lakini kijana atafutaye kazi mjini huulizwa cheti, na ustadi usioandikwa hauaminiwi. Baadaye vyuo vikaanza kufundisha ufundi kwa mitaala ya VETA yenye mitihani na vyeti. Hatulaumu jambo hilo. Twasema tu kwamba sasa chuo kina kazi mbili, kumpa mtu cheti na kumpa mtu maisha, na ya kwanza isiimeze ya pili.

Madarasa ya usiku nayo yalikufa kimyakimya. Sensa ya mwaka wa 2002 ilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamerudi kuwa karibu 30 kati ya watu wazima 100. Hesabu hii yatuhuzunisha kuliko nyingine zote, kwa kuwa tunazifahamu nyuso zilizo nyuma yake. Tangu hapo hali imekuwa njema zaidi, na sensa ya mwaka wa 2022 yasema kwamba kama 83 kati ya 100 wanajua. Lakini mlima tuliokwisha kuupanda mara moja imetubidi kuupanda tena.

Sasa twataka kuwaambia habari moja ya karibu, ili msidhani twazungumza mambo ya kale tu. Katika vyuo hivi kumekuwa na kazi njema iitwayo Elimu Haina Mwisho. Ni kwa ajili ya wasichana walioacha shule, wengi wao kwa sababu ya mimba. Kwa miaka mingi binti wa namna hiyo alifungiwa mlango wa shule, na ni mwezi wa Novemba mwaka wa 2021 tu serikali ilipotangaza kwamba aweza kurudi baada ya kujifungua. Vyuo vya wananchi vilikuwa vimekwisha kumpokea kabla ya hapo. Humo binti huja na mtoto wake; mtoto hulelewa na kufundishwa michezo hapo hapo, na mama huingia darasani kusoma masomo ya sekondari au ufundi.

Jirani yetu alikuwa na binti aliyepata mtoto akiwa kidato cha pili. Baba yake alikasirika, wala hatumcheki, maana aliuza mbuzi wake wote kwa ada. Alikataa hata kulitaja jina la shule nyumbani mwake. Mwaka mzima binti yule alichota maji na kunyamaza. Mama yake alitujia usiku, akasema, "Walimu, mzee wangu hanisikii. Ninyi aliwahi kuwasikia." Tukaenda siku ya Jumapili, tukamkuta chini ya mwembe. Hatukumhubiri. Tulimwuliza juu ya mama yake mzazi, ambaye tulimfundisha kusoma katika miaka ya 1970, naye alikuwa wakati huo ni mtoto aliyebebwa mgongoni darasani mwetu. Tukamwambia, "Bwana, wewe ulisoma pamoja na mama yako kabla hujajua kusema. Mjukuu wako naye akifanya hivyo, kutakuwa na jambo gani jipya?"

Alikaa kimya muda mrefu, akichora kwa fimbo mchangani. Kisha akauliza nauli ni kiasi gani. Hakusema neno la msamaha siku ile, wala hatukumtaka aseme. Binti alikwenda na mtoto wake. Alijifunza kushona, akamalizia masomo yake ya kidato cha nne, na sasa ana cherehani mbili katika chumba kimoja karibu na barabara kubwa iendayo Moshi. Baba yake humletea mkaa wa pasi, akaketi hapo barazani akimwangalia mtoto.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo twaliona jibu la wale waulizao kama kazi ya mtu mmoja yaweza kuishi akiisha kwenda. Mwalimu Nyerere alifariki huko London tarehe 14 Oktoba 1999. Vyuo vyake havikufa, ingawa vilidhoofika, na katika miaka ya karibuni serikali imekwisha kuvikarabati vingi. Havikufa kwa sababu wako watu waliovitumia. Huko milimani kwetu wazee walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku, yapate kufunguliwa mchana na kila ukoo kupewa zamu yake. Ndiva haikuwa na mwenye nguvu mmoja wa kuilinda. Ililindwa na zamu. Kila mtu aliyekunywa alijua siku yake ya kuzoa tope, na asiyekwenda alitozwa. Ukoo ulioacha zamu hata kwa msimu mmoja uliona maji yakipotea kwenye nyufa, wala hakuna aliyetumwa kumtafuta yule aliyeijenga kwanza.

Chuo nacho ni hivyo. Kiongozi mwema aweza kuyakusanya maji, na tumshukuru kwa hilo. Lakini kuzoa tope ni kazi yetu. Katika mkutano ujao wa kijiji, mwulizeni mwenyekiti kama mtu yeyote wa kwenu yuko katika chuo cha wananchi mwaka huu, na kama hayuko, mwulizeni kwa nini. Binti aliyekaa nyumbani na mtoto, mpelekeeni habari, maana wengi hawajui kwamba mlango upo. Fundi aliyepata ustadi wake huko, mpeni vijana wawili wa kuwafundisha. Na ninyi mliostaafu kama sisi, mnajua ni nyumba gani katika kijiji chenu ambayo barua ikifika hutafutwa jirani. Leo barua huja katika simu, lakini jirani ni yule yule, na siri hutoka nje vilevile. Nendeni mkagonge nyumba hiyo, na chaki mkononi.